Asilimia za vinasaba na swali la sisi ni nani

Filamu ya Kifaransa ya ADN, ambalo ni neno la Kifaransa la DNA, iliyoongozwa na Maïwenn na kutolewa mwaka 2020, inasimulia habari za Neige, mama wa watoto watatu aliyeachana na mumewe, na za babu yake Emir, Mwaljeria aliyemlea na kumkinga na madhila ya wazazi wake. Emir anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Anapofariki dunia ukoo mzima unavurugika: watu wanagombana juu ya mazishi, vinyongo vya miaka mingi vinafumuka, na Neige, ambaye mzee huyo ndiye aliyekuwa nguzo yake, anajikuta hajui tena yeye ni nani. Anaanza kuitafuta Aljeria ya babu yake, na mojawapo ya njia anazozishika ni kipimo cha vinasaba.

Hadithi za namna hii zimekuwa nyingi katika filamu na tamthilia za miaka ya karibuni, na watazamaji wengi huondoka nazo wakiamini kwamba mate yaliyotumwa maabara yanaweza kumwambia mtu yeye ni nani hasa. Katika Afrika Mashariki mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu kwetu maneno "kupima DNA" yanamaanisha kwanza kabisa kutafuta baba wa mtoto, na kisha, tangu utafiti wa mwaka 2023 kuhusu mifupa ya kale ya pwani yetu, yamekuwa pia silaha katika ubishi wa kama Waswahili ni Waafrika, Waajemi au Waarabu. Mambo haya yanahusiana, lakini hayafanani, na anayeyachanganya hujiumiza mwenyewe au huwaumiza wenziwe. Hoja yangu ni kwamba katika majibu ya vipimo hivi, sehemu inayopigiwa kelele, yaani asilimia za asili, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote; na ile ambayo watu huipitia juu juu, yaani orodha ya ndugu, ndiyo yenye nguvu na ndiyo yenye hatari.

Kwanza tuyaweke maneno mahali pake. Vinasaba, ambavyo wengi huviita kwa kifupi DNA, ni maelekezo ya kikemikali yaliyomo ndani ya seli za mwili, na mtoto huyapokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Nasaba ni mlolongo wa watu, fulani bin fulani bin fulani, kama unavyokumbukwa na wenye ukoo, pamoja na ndoa zake, watoto wake wa kulea na majina yaliyosahauliwa kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Asili ya kijenetiki ni makadirio ya makundi ya watu ambamo mababu wa mtu huenda walitoka, yakikisiwa kutokana na vinasaba vyake. Uraia ni kifungo cha kisheria kati ya mtu na dola. Utambulisho ni namna mtu anavyojijua na anavyojulikana na wenzake: lugha yake, imani yake, mahali kilipozikwa kitovu chake, watu wanaompigia simu kukiwa na msiba. Filamu nzuri ya kifamilia huyafunga mambo haya yote katika fundo moja, na ndiyo kazi yake kama sanaa. Mfafanuzi analazimika kulifungua fundo hilo.

Tuanze na kipimo kinachojulikana zaidi kwetu. Nchini Tanzania kipimo cha kutambua mzazi hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya mwaka 2009 inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu, na maombi hupitia kwa wahusika wanaotambuliwa, kama vile mahakama na maofisa ustawi wa jamii. Maabara huangalia sehemu chache zilizochaguliwa katika vinasaba, kwa kawaida kama 15 hadi 24, ambazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Katika kila sehemu mtoto ana alama mbili, na moja ni lazima iwe imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Mwanamume anayedaiwa kuwa baba akikosa kulingana na mtoto katika sehemu kadhaa, anaondolewa kwenye hesabu. Akilingana katika zote, uwezekano wa kuwa yeye ndiye baba huzidi asilimia 99.9. Hapa swali ni jembamba, watu wanaolinganishwa wanajulikana kwa majina, na jibu linakaribia uhakika.

Kipimo cha asili ni kitu kingine kabisa. Mteja huletewa kichupa cha plastiki kwa posta, akaelekezwa asile, asinywe wala asivute sigara kwa nusu saa, kisha ateme mate hadi yafike kwenye mstari uliochorwa ubavuni mwa kichupa, bila kuhesabu povu. Anapofunga kifuniko, dawa ya kuhifadhia inamwagika na kuchanganyika na mate, naye anakitikisa kichupa na kukirudisha posta. Maabara haisomi vinasaba vyote, ambavyo vina herufi zipatazo bilioni 3. Inasoma vituo laki sita au saba hivi ambako inafahamika kwamba binadamu hutofautiana. Baada ya hapo kompyuta hulinganisha vituo hivyo na vya kundi la kulinganishia, yaani watu waliokwisha kupimwa ambao wanaeleza kuwa babu na bibi zao wote walitoka sehemu moja. Kompyuta ikiona kipande cha vinasaba vyako kinafanana zaidi na vya watu wa sehemu fulani, inakiandika kwa jina la sehemu hiyo. Ikishamaliza vipande vyote inajumlisha, na asilimia zinatoka.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko yote. Watu wa kundi la kulinganishia wako hai leo. Kwa hiyo kampuni inapomwandikia mtu kwamba yeye ni asilimia 40 wa Afrika Kaskazini, haijamwona babu yake yeyote akiishi huko. Imeona kwamba sehemu hiyo ya vinasaba vyake inafanana na vya watu wanaoishi huko sasa na waliokubali kupimwa. Kundi la kulinganishia likiongezwa watu au likipangwa upya, asilimia hubadilika, na wateja wengi wamewahi kufungua akaunti zao na kukuta nchi moja imetoweka na nyingine imeingia, ilhali mate ni yale yale. Mwaka 2019 shirika la utangazaji la Canada, CBC, lilipeleka sampuli za mapacha wa kufanana kwa kampuni tano tofauti. Mapacha wa namna hiyo huwa na vinasaba vilivyo karibu sawa kabisa, na bado walipewa asilimia zisizolingana, kati ya kampuni na kampuni, na hata kati ya pacha mmoja na mwenziwe ndani ya kampuni moja. Vinasaba vilisomwa sawasawa. Ukadiriaji ndio uliotofautiana.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni ndugu wa tumbo moja kupata majibu tofauti, na kuna nyumba ambamo tofauti hiyo imezaa shuku kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Shuku hiyo haina msingi. Mzazi ni kama mtu mwenye seti kubwa ya karata ambaye kila anapozaa huzichanganya, akagawa nusu bila kuangalia anatoa zipi. Mtoto wa kwanza anapata nusu moja, wa pili anapata nusu nyingine ambayo sehemu yake inalingana na ya kwanza na sehemu yake haimo, na kila mmoja naye akija kuzaa atachanganya alizonazo na kutoa nusu. Ndiyo maana mjukuu hupata kwa babu mmoja wastani wa robo ya vinasaba vyake, lakini hiyo ni wastani tu: mmoja anaweza kuwa na karibu moja ya tano na mwenziwe akapata karibu theluthi, wote wakiwa wajukuu halali wa mzee mmoja. Katika kizazi cha tatu nyuma, sehemu ya kila babu mkuu ni moja ya nane kwa wastani, na kadiri tunavyorudi nyuma baadhi ya karata hupotea zote.

Hesabu ya kurudi nyuma inastahili kuandikwa, kwa kuwa watu huishangaa. Mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, wazazi wa hao 8, halafu 16, na kufikia kizazi cha kumi nyuma, ambacho ni kama karne tatu hivi, anao mababu na mabibi 1,024, kama hakuna aliyejirudia kwa ndoa za jamaa. Vinasaba haviwezi kugawanyika vipande vya kuwatosha wote hao, kwa hiyo wengi wao, ambao bila wao mtu huyo asingezaliwa, hawakuacha chochote kinachoonekana katika mwili wake. Wao ni mababu zake kwa nasaba, na katika vinasaba vyake hawamo. Anayesema "kipimo kimeonyesha sina damu ya Kimanga" amesema tu kwamba hakuna kipande kilichomfikia, au kwamba kundi la kulinganishia halikuweza kukitambua. Huenda bibi wa karne ya kumi na nane aliyetoka Muscat alikuwepo kama wazee wanavyosimulia.

Na je, kipimo kinaweza kutaja kabila? Hapana, isipokuwa kwa kubahatisha. Kabila ni jumuiya ya lugha, mila, mipaka ya uongozi na historia, na makabila yetu mengi yamepokea wageni, mateka, wakimbizi na wake wa kuolewa kutoka kwa majirani kizazi baada ya kizazi. Isitoshe, wazungumzaji wa lugha za Kibantu walianza kusambaa kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kamerun kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita, na wazao wao waliotapakaa kuanzia Kongo hadi Msumbiji na Afrika Kusini bado wana mfanano mkubwa. Si ajabu basi mtu wa Tabora au Kitui kuletewa jibu lenye jina la Kamerun au Kongo, naye akadhani ukoo wake ulimficha jambo. Afrika ndiyo yenye watu wanaotofautiana kijenetiki kuliko bara lingine lolote, na ndiyo iliyopimwa kidogo. Makundi ya kulinganishia ya kampuni kubwa yamejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa kuwa hao ndio wateja wao wengi, na matokeo yake ni kwamba kampuni inaweza kumtenganishia mteja vijimbo vya Ireland huku ikiufunika mkoa mzima wa Maziwa Makuu kwa jina moja. Hili ni pengo la haki, na wanaouza vipimo hivi kwa Waafrika wangepaswa kulitaja kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kuna sehemu mbili za vinasaba ambazo hazichanganywi kama nyingine. Ya kwanza ni kromosomu Y, fungu la vinasaba walilo nalo wanaume, ambalo baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, mfululizo. Ya pili ni vinasaba vya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyoipa nguvu, ambavyo mama huwapa watoto wake wote na mabinti ndio wanaoviendeleza. Sehemu hizi huwasaidia sana watafiti, lakini kwa mtu mmoja zinaweza kupotosha, kwa sababu kila moja inafuata njia moja tu ya ukoo. Kati ya wale mababu na mabibi 1,024 wa kizazi cha kumi, kromosomu Y inamhusu mwanamume mmoja na mitokondria inamhusu mwanamke mmoja. Waliobaki 1,022 hawamo katika habari hiyo. Mtu anayejenga utambulisho wake wote juu ya kromosomu Y amewaacha nje karibu wote waliomzaa.

Ndipo tunapofika kwenye utafiti uliozua mjadala mkubwa pwani. Ulichapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2023, na miongoni mwa walioongoza ni mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya, pamoja na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Watafiti walichukua vinasaba kutoka kwenye mifupa na meno ya watu 80 walioishi kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, waliozikwa Manda na Faza katika funguvisiwa la Lamu, Mtwapa karibu na Mombasa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, na pia Makwasinyi, makazi ya bara huko Taita. Walikuta kwamba watu wengi wa miji ya pwani walikuwa na asili iliyochanganyika, mara nyingi zaidi ya nusu ikitoka Afrika na sehemu kubwa ya iliyobaki ikitoka Asia, hasa Uajemi, pamoja na kiasi kidogo cha India. Mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000, wakati ambao Uislamu ulikuwa ukienea katika miji hiyo. Baada ya mwaka 1500 au hivi, asili ya Asia iliyoingia ilikuwa zaidi ya Kiarabu, jambo linalokwenda sambamba na kukua kwa uhusiano na kusini mwa Arabuni.

Mitokondria karibu zote zilikuwa za Kiafrika, na kromosomu Y nyingi zilikuwa za Asia. Maana yake ni kwamba waliokuja na majahazi walikuwa hasa wanaume, na waliowazalia watoto walikuwa wanawake wa hapa. Tarehe za Kilwa, yaani maandiko ya kale ya historia ya mji huo, zinazosimulia watu wa Shirazi, mji wa Uajemi, waliokuja kwa majahazi saba na kununua kisiwa kwa nguo, zilikuwa kwa miongo mingi zikitiliwa shaka na wanahistoria wengi, ambao waliona madai ya Ushirazi kama njia ya masharifu na mamwinyi kujipa heshima. Sasa inaonekana kwamba ndani ya simulizi hiyo mlikuwa na kumbukumbu ya kweli. Mimi nalihesabu hili kuwa jambo kubwa, kwa sababu wazee waliosimulia walipuuzwa kwa jambo ambalo sehemu yake imethibitika.

Lakini yaliyofuata mitandaoni na mabarazani yalikuwa masikitiko. Wengine walitangaza kwamba Waswahili sasa wamethibitika kuwa Waajemi, na wengine wakasema utafiti umefanywa ili kuwapora Waafrika ustaarabu wao. Wote wawili walisoma nusu ya habari. Vinasaba havikujenga misikiti ya matumbawe, havikutunga tenzi wala havikuunda mtepe. Lugha waliyokua nayo watoto hao wa mchanganyiko ni ya Kibantu katika sarufi na msamiati wake wa msingi, na maneno yake mengi ya Kiarabu yaliingia baadaye, juu ya msingi uliokwisha kuwekwa. Akiolojia inaonyesha miji hiyo ikichipuka kutoka vijiji vya wavuvi, wakulima na wafua chuma waliokuwapo karne kadhaa kabla ya mwaka 1000. Watoto walichukua lugha na desturi nyingi za mama zao, na katika jamii ambamo mwanamume mara nyingi huhamia nyumbani kwa mke na nyumba hurithiwa na mabinti, hilo halina muujiza wowote. Watu 80, tena wengi wao waliozikwa mahali pa heshima karibu na misikiti, hawawezi kusimama badala ya kila aliyeishi pwani, achilia mbali kila anayejiita Mswahili leo. Na hata wangekuwa watu elfu nane, utafiti ungejibu swali la waliozaliana na nani na lini. Swali la nani ni Mswahili lingebaki mikononi mwa Waswahili wenyewe, ambao wamelijadili tangu kabla ya maabara kuwepo.

Tukimrudia Neige kwa jicho hili, tunaona vizuri zaidi anachokitafuta. Babu yake alimpa robo ya vinasaba, au pungufu, au zaidi kidogo. Alichompa ambacho anakililia ni malezi, na hicho hakuna kichupa kinachoweza kukipima. Kwetu, ambako watoto wengi wamelelewa na bibi, na mtoto wa marehemu ndugu huitwa mwanangu bila maelezo, jambo hili halihitaji hoja ndefu. Linalohitaji kusemwa ni upande wa pili: mtu aliyekatiwa habari za ukoo wake, awe ameasiliwa, ametupwa akiwa mchanga au ametokana na waliochukuliwa utumwani, haulizi swali la kipuuzi anapotaka kujua alikotoka. Kwake kipimo kinaweza kuwa mlango pekee uliobaki. Wajibu wetu ni kumweleza mlango huo unafungukia wapi, bila kumdhihaki kwa kubisha hodi.

Sheria nazo zina njia yake. Chini ya sheria ya uraia ya Aljeria ya mwaka 1970, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, mtoto wa baba Mwaljeria au mama Mwaljeria ni Mwaljeria. Kabla ya marekebisho hayo uraia ulipita hasa kwa baba. Maana yake ni kwamba mjukuu wa Emir kupitia kwa binti yake anaangaliwa kwa vyeti vya kuzaliwa vya mama na babu, na asilimia za maabara hazimpi wala hazimnyimi chochote. Benin imechukua mkondo mwingine: sheria yake ya Septemba 2024 inawaruhusu wazao wa Waafrika waliosafirishwa utumwani kuomba uraia, mradi wawe wametimiza miaka 18 na wasiwe na uraia wa nchi nyingine ya Afrika, na kipimo cha vinasaba ni moja ya ushahidi unaopokelewa. Hapo makadirio ya kitakwimu yamepewa mlango wa kisheria, kwa sababu watu hao walinyang'anywa vyeti pamoja na uhuru. Kenya nayo ina kisa cha Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya na kubaki bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipoandamana kwa miguu kuelekea Nairobi, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakaanza kukabidhiwa. Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya asili yao. Walichokosa ni karatasi, na kwa kukosa karatasi walikosa kazi za halali, hati za ardhi na kura.

Sasa tuje kwenye ile sehemu ya majibu ambayo watu huipitia juu juu. Kampuni nyingi, pamoja na asilimia, humpa mteja orodha ya wateja wengine wanaochangia naye vipande virefu vya vinasaba. Hapa hakuna kundi la kulinganishia wala kukisia nchi. Kinacholinganishwa ni mtu na mtu. Mzazi na mtoto huchangia nusu kamili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huchangia karibu nusu, ndugu wa mzazi mmoja huchangia kama robo, na binamu wa kwanza kama moja ya nane. Robo inaweza pia kumaanisha babu au mjomba, kwa hiyo umri na habari za ukoo hutumika kuamua, lakini kwamba watu hao ni jamaa wa karibu hakuna mjadala. Mtu aliyenunua kipimo ili aone kama ana asili ya Uhindi anaweza kukuta jina la ndugu ambaye hajawahi kumsikia, au akakuta kwamba dada aliyekua naye ni dada wa mzazi mmoja. Siri iliyofunikwa miaka arobaini inafumuka kwenye simu, saa ambayo hakuna aliyejiandaa, na aliyeitunza huenda bado yu hai na amekaa chumba cha pili.

Nguvu ya orodha hiyo inavuka hata wale waliopima. Aprili 2018 polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980, baada ya kupakia vinasaba vilivyohifadhiwa kutoka mahali pa uhalifu kwenye hazina ya wazi ya nasaba na kuwapata jamaa zake wa mbali, kisha wakachora ukoo huo hadi kumfikia. Yeye mwenyewe hakuwahi kutuma mate popote. Kukamatwa kwake kulikuwa kheri kwa familia za waathiriwa, na wakati huo huo kulionyesha kwamba mtu mmoja akipima, amewafungulia mlango ndugu, binamu na hata watoto ambao hawajazaliwa.

Ufaransa ni miongoni mwa nchi zilizochukua msimamo mkali. Huko mtu binafsi haruhusiwi kununua kipimo cha asili, na akikutwa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 3,750. Bunge lilipopitia upya sheria za maadili ya tiba mwaka 2021 liliuacha mwiko huo mahali pake. Wafaransa wengi huagiza vipimo kutoka nje hata hivyo. Sikubaliani na kumwadhibu mtu kwa kutaka kujua alikotoka, lakini wasiwasi ulioko nyuma ya sheria hiyo ni wa kweli. Kampuni ya 23andMe, moja ya kubwa zaidi duniani, ilidukuliwa mwaka 2023 na taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikafikiwa, wengi wao walinaswa kupitia hiyo hiyo huduma ya kutafuta jamaa. Machi 2025 iliomba kinga ya ufilisi mahakamani, na taarifa za wateja zaidi ya milioni 15 zikawa sehemu ya mali inayotafutiwa mnunuzi. Hatimaye ziliuzwa kwa taasisi inayoongozwa na mmoja wa waanzilishi wake.

Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinahesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, lakini mate yaliyokwisha kuvuka bahari yapo chini ya sheria za huko yalikokwenda. Kwa hiyo anayekusudia kupima na azungumze kwanza na wazazi na ndugu zake, aulize kama kuna jambo ambalo wangependa kumwambia wao kabla kompyuta haijamwambia, na aamue mapema kama atawasha huduma ya kutafuta jamaa, kwa kuwa mara nyingi inaweza kuzimwa. Aliyekwisha kupima anaweza kuingia kwenye akaunti yake, akapakua majibu yake akayahifadhi, kisha akaagiza taarifa zifutwe na sampuli iharibiwe, kama mwanasheria mkuu wa California alivyowashauri wakazi wa jimbo lake siku chache kabla ya 23andMe kufika mahakamani.